Namna ya Kusoma Nasaba za Kifalme Katika Biblia: Mwongozo kwa Msomaji wa Kiswahili Aliyeko Doha

Ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya ndio ambao wengi wetu tunauruka. Tukifungua Mathayo tunakutana na safu ya majina, huyu kamzaa huyu na huyu kamzaa yule, na kidole kinateremka chenyewe mpaka pale Yusufu anapoota ndoto. Katika kikundi chetu cha Kiswahili hapa Doha nimeliona jambo hili mara nyingi. Anayepewa sura ile aisome kwa sauti huanza vizuri. Akifika kwa Aminadabu na Nashoni anapunguza mwendo, na akifika kwa Shealtieli anaomba radhi na kumpa jirani Biblia.

Mwongozo huu nimeuandika ili usiruke tena. Majina yale ni ushahidi. Mathayo na Luka wanafanya alichofanya kila mmoja wetu alipokuwa akitafuta pasipoti: wanaweka mezani karatasi za kuonyesha mtu huyu ni mtoto wa nani, na ana haki gani. Haki inayodaiwa hapa ni kiti cha enzi cha Daudi, kiti kilichokuwa kimekaa zaidi ya miaka 500 bila mfalme wa ukoo wake. Ukizisoma karatasi hizo kwa utulivu utaona jinsi ahadi moja ilivyopita mikononi mwa wajane, wageni, wafungwa na watu waliohamishwa kwa nguvu, wala isife njiani.

Mji unaojua nasaba

Uko mahali pazuri pa kujifunzia. Hapa Qatar jina la mtu hubeba la baba, la babu na la kabila. Ukoo wa Al Thani, unaotawala nchi hii, unajihesabu katika kabila la kale la Banu Tamim. Kwa Mwarabu nasaba ni kumbukumbu inayotunzwa, wala si mambo ya vitabuni tu.

Na sisi hatukuja mikono mitupu. Neno lenyewe, nasaba, tumelipata kwa Kiarabu, na majina ya pwani yetu yana bin na binti. Muganda anayejua mila hujitambulisha kwa kutaja baba, babu na ukoo, na tendo hilo lina jina lake, okulanya. Mtu aliyelelewa katika desturi ya namna hiyo ana jicho la kusomea Mathayo, anachohitaji ni kulifungua.

Tena ardhi hii ilisoma Maandiko kabla yetu. Katika karne ya 7 Wakristo wa Kisiria waliliita eneo la mashariki ya Uarabuni, pamoja na rasi ya Qatar, kwa jina la Beth Qatraye. Huko ndiko alikozaliwa Isaka wa Ninawi, aliyefanywa askofu, akaacha kiti baada ya miezi michache na kurudi upwekeni. Maandishi yake kuhusu sala yanasomwa mpaka leo. Kwa hiyo unapofungua Biblia Doha, hufungui kitu kigeni katika mchanga huu.

Siku hizi tunakusanyika Mesaimeer, katika eneo la makanisa lililojengwa juu ya ardhi aliyoitoa Amiri wa wakati ule, Hamad bin Khalifa Al Thani. Kanisa Katoliki la Bikira Maria wa Rozari lilifunguliwa humo Machi 2008, na madhehebu mengine yakafuata. Kwa kuwa Jumapili ni siku ya kazi, siku yetu kubwa ni Ijumaa. Nenda na kitambulisho chako, na somo lenu lifanyieni ndani ya eneo lile au kimyakimya chumbani kwenu kambini. Sheria ya Qatar hairuhusu kuwahubiria Waislamu dini nyingine, na mgeni mwema huheshimu sheria ya mwenyeji wake.

Vitu vya kuwa navyo

Huhitaji maktaba. Chukua Biblia ya Union Version, ile ya mwaka 1952 ambayo wengi tumekulia nayo, na kama unaweza weka kando Habari Njema ili ulinganishe lugha. Simu inatosha kwa zote mbili. Daftari lakini liwe la karatasi, kwa sababu utachora safu na kuunganisha majina kwa mistari. Tafuta na kalamu mbili za rangi tofauti.

Jambo moja ulijue mapema: mtu mmoja anaweza kuwa na majina zaidi ya moja. Uzia anaitwa pia Azaria. Mfalme aliyepelekwa Babeli akiwa kijana anaitwa Yehoyakini mahali pengine, Yekonia mahali pengine, na Yeremia anamwita Konia. Usipolijua hili utadhani ni watu watatu, na hesabu yako haitakaa sawa. Tenga ukurasa wa mwisho wa daftari uwe wa majina hayo.

Hatua ya kwanza: anza na ahadi

Usianze na majina. Nasaba bila ahadi ni orodha tu, kama hati ya shamba isiyosema shamba liko wapi. Andika kwanza mistari hii juu ya ukurasa, na chini ya kila mmoja andika kwa maneno yako mwenyewe unaahidi nini.

Mwanzo 49:10: Yakobo akiwa kitandani karibu na kufa anampa Yuda fimbo ya ufalme. Hapa mlango unafungwa kwa makabila mengine 11, na unabaki wazi kwa kabila moja.

Hesabu 24:17: Balaamu, mgeni aliyekodiwa kuwalaani Waisraeli, anaona kwa mbali nyota ikitoka kwa Yakobo.

2 Samweli 7:12-16: Daudi anataka kumjengea Mungu nyumba, na Mungu anamjibu kuwa Yeye ndiye atakayemjengea Daudi nyumba, maana yake uzao. Mwana atakayekosea ataadhibiwa, ila fadhili hazitaondolewa. Mstari huu ndio mzizi wa yote yanayofuata. Uusome mara mbili.

Isaya 11:1: chipukizi linatoka katika shina la Yese. Angalia kwamba nabii anataja shina, maana yake mti umekatwa. Tena anamtaja Yese, baba yake Daudi, mtu wa Bethlehemu, kana kwamba ufalme utarudi kuanzia kwenye nyumba ya kawaida.

Yeremia 23:5 na Mika 5:2: chipukizi la haki la Daudi, na mtawala atakayetoka Bethlehemu, mji mdogo.

Neno Masihi lenyewe maana yake ni mpakwa mafuta, na Kristo ni neno lile lile kwa Kigiriki. Wafalme wa Israeli walipakwa mafuta, kama Samweli alivyompaka Daudi, mdogo kuliko ndugu zake wote. Isaya 45:1 inampa jina hilo hata Koreshi, mfalme wa Uajemi. Hapa Doha utawasikia Waislamu wakimtaja Isa al-Masih, kwa kuwa Kurani nayo inampa jina hilo. Wayahudi kwa upande wao wanaisoma ahadi hii kuwa bado inangoja. Jua hayo, kisha soma kwa moyo thabiti bila kumdharau mtu.

Hatua ya pili: weka orodha mbili kando kwa kando

Gawa ukurasa safu mbili. Kushoto andika Mathayo 1:1-17, kulia Luka 3:23-38. Utagundua mara moja kwamba zinakwenda pande tofauti. Mathayo anashuka kutoka kwa Ibrahimu mpaka kwa Yesu. Luka anapanda kutoka kwa Yesu, kupitia majina zaidi ya 70, mpaka kwa Adamu na kwa Mungu mwenyewe. Kwa hiyo andika ya Luka kutoka chini kwenda juu, ili Daudi wa kushoto akae mstari mmoja na Daudi wa kulia.

Sasa chukua kalamu ya rangi, uunganishe majina yanayofanana. Kutoka Ibrahimu hadi Daudi mistari itakwenda karibu sawasawa. Baada ya Daudi njia zinaachana. Mathayo anafuata Sulemani, njia ya wafalme waliokalia kiti. Luka anafuata Nathani, mwana mwingine wa Daudi, ambaye hakutawala. Mambo ya Nyakati ya Kwanza 3:5 inasema wote wawili ni wana wa mama mmoja, Bathsheba. Njia zinakutana tena katika majina mawili, Shealtieli na Zerubabeli, kisha zinaachana hadi kwa Yusufu.

Usiogope tofauti hizo, wala usiharakishe kuzifuta. Kila mwandishi anajibu swali lake. Mathayo anaulizwa: je, huyu ana haki ya kiti? Ndiyo maana anafuata wafalme. Luka anaiweka nasaba baada tu ya ubatizo, pale sauti ya mbinguni inapomtaja Yesu kuwa Mwana, naye anaipandisha hadi kwa Adamu ili kila mwanadamu ajikute ndani yake.

Hatua ya tatu: hesabu, kisha tafuta waliorukwa

Mathayo anasema vizazi ni 14, mara tatu: Ibrahimu hadi Daudi, Daudi hadi uhamisho wa Babeli, uhamisho hadi Kristo. Mwenye daftari atahesabu mwenyewe, na kundi la tatu litampa majina 13 tu, asipomhesabu Yekonia mara ya pili. Halafu fungua 1 Mambo ya Nyakati 3:10-16, ulinganishe na Mathayo 1:8. Kati ya Yoramu na Uzia wafalme watatu hawapo: Ahazia, Yoashi na Amazia. Katika mstari wa 11, kati ya Yosia na Yekonia, Yehoyakimu naye hayupo.

Je, Mathayo alikosea? Habari za wafalme hao zilikuwa wazi katika Maandiko ambayo Myahudi yeyote angeweza kuyafungua. Jibu linaanzia kwenye neno kuzaa. Katika nasaba za kale, aliyemzaa babu amemzaa na mjukuu. Yesu anaitwa mwana wa Daudi ingawa kati yao kuna karne nyingi, na malaika anamwita Yusufu seremala kwa jina hilo hilo. Kwa Kiswahili pia tunasema wana wa Israeli bila kufikiria watoto 12 tu. Orodha inaweza kufupishwa ili ikumbukike, alimradi mnyororo usikatike.

Na kwa nini 14? Wazee wa pwani waliosoma hesabu ya abjadi, ambamo kila herufi ina thamani yake, wataelewa haraka. Kwa Kiebrania jina Daudi lina herufi tatu: 4, 6 na 4. Jumla yake ni 14. Katika orodha ya Mathayo, Daudi ndiye jina la 14. Wasomi wengi wanaona kwamba Mathayo ameipanga nasaba yote ipige jina hilo mara tatu, kama ngoma inayorudia mdundo: Daudi, Daudi, Daudi.

Hatua ya nne: simama kwa akina mama

Hapa tumia kalamu ya rangi ya pili. Mathayo anawataja wanawake watano: Tamari, Rahabu, Ruthu, mke wa Uria, na Mariamu. Nasaba ya kifalme haikulazimika kuwataja. Kila jina ni habari, na kila habari ina sura yake. Tamari yuko Mwanzo 38, mjane aliyenyimwa haki yake na mkwewe Yuda. Rahabu yuko Yoshua 2, kahaba wa Yeriko aliyewaficha wapelelezi. Ruthu ni Mmoabu, mjane aliyemfuata mama mkwe wake kwa upendo mpaka nchi ya watu. Bathsheba hatajwi kwa jina lake, anatajwa kwa jina la mume aliyeuawa, ili msomaji asisahau dhambi ya Daudi.

Soma habari hizo nne kabla hujafika kwa Mariamu. Dada mmoja kikundini, anayefanya kazi za ndani, alisoma kitabu cha Ruthu jioni moja baada ya watoto wa mwajiri kulala. Ijumaa iliyofuata alitueleza kilichomshika: Ruthu alipokuwa akiokota masazo shambani hakujua kwamba analisha nyumba ya mfalme. Nimetafuta maelezo bora kuliko hayo, bado sijayapata.

Historia yetu inatufundisha jambo hilo hilo. Tarehe ya Kilwa, yaani masimulizi ya kale ya mji huo, inaanza na Ali bin Hassan, mwana wa mfalme wa Shirazi, na inasimulia nasaba kwa upande wa baba. Mwaka 2023 wanasayansi walichapisha uchunguzi wa vinasaba kutoka mifupa ya watu 80 waliozikwa zamani katika upwa wa Waswahili na jirani zake. Walikuta mababu wa Kiajemi kweli, kuanzia kama mwaka 1000, nao wengi wao walikuwa wanaume. Walikuta pia kwamba sehemu kubwa ya urithi, mara nyingi zaidi ya nusu, ilitoka kwa Waafrika, na hasa kwa wanawake. Tarehe ilikuwa imewataja akina baba, na mifupa ikawataja akina mama. Mathayo hakungoja mifupa. Aliwaandika akina mama mwenyewe.

Hatua ya tano: kaa na Yekonia

Ukiwa na muda wa jina moja tu, uutoe kwa Yekonia. Yeye ndiye bawaba ya orodha nzima.

Alitawala Yerusalemu miezi mitatu, akiwa kijana. Mwaka 597 kabla ya Kristo Nebukadneza alimchukua Babeli pamoja na mama yake, wakuu na mafundi. Yeremia 22:24-30 ina neno zito juu yake: hata angekuwa pete ya muhuri katika mkono wa Mungu angeng'olewa, na hakuna wa uzao wake atakayefanikiwa kuketi katika kiti cha Daudi. Karibu miaka kumi baadaye Yerusalemu ukaanguka na hekalu likachomwa. Kwa macho ya kibinadamu 2 Samweli 7 ilikuwa imekwisha.

Wajerumani waliochimba magofu ya Babeli mwanzoni mwa karne ya 20 walipata vipande vya udongo vyenye maandishi ya ghala la mfalme. Mwaka 1939 Ernst Weidner alivichapisha baadhi yake. Humo imeandikwa posho ya mafuta ya kula kwa mfalme wa Yuda, Yehoyakini, na kwa wanawe watano. Kimoja kina tarehe inayolingana na mwaka 592 kabla ya Kristo. Karani wa Babeli hakuwa anaandika unabii. Alikuwa anafunga hesabu za ghala, kama anavyofanya mtunza stoo yeyote kambini anapogawa mchele na mafuta. Kumbe katika mstari ule wa posho aliandika kwamba mfalme yuko hai na ana watoto. Uzao uliodhaniwa umekwisha ulikuwa unakula mafuta ya adui, ugenini, siku kwa siku.

Sasa soma 2 Wafalme 25:27-30, mistari minne ya mwisho ya kitabu. Katika mwaka wa 37 wa uhamisho Yekonia anatolewa gerezani, anabadilishiwa nguo, na anakula mezani pa mfalme. Kisha fungua Hagai 2:23. Mjukuu wake Zerubabeli, aliyeongoza watu kurudi baada ya amri ya Koreshi, anaambiwa na Mungu kuwa atafanywa kama pete ya muhuri. Pete iliyong'olewa kwa babu inarudishwa kwa mjukuu. Weka mistari hiyo miwili, Yeremia 22:24 na Hagai 2:23, ukurasa mmoja, na uchore pete.

Hata hivyo Zerubabeli hakuwa mfalme. Alikuwa liwali wa Yuda chini ya Waajemi. Ahadi iliendelea kungoja, katika majina ambayo hatujui lolote juu yake: Abihudi, Eliakimu, Azori, Sadoki. Hawa ni watu waliobeba damu ya kifalme bila kiti, bila jeshi, pengine bila shamba. Kazi yao katika Maandiko ilikuwa kuzaa na kutunza jina.

Hatua ya sita: fika kwa Yusufu kwa uangalifu

Swali litaulizwa kikundini, kwa hiyo jiandae. Mathayo anasema baba yake Yusufu ni Yakobo, Luka anasema ni Eli. Kuna majibu mawili ya zamani.

La kwanza lilitolewa na Yulio Mwafrika, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, na Eusebio akalihifadhi. Alisema Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa mama mmoja, Eli akafa bila mtoto, Yakobo akamwoa mjane kwa sheria ya Kumbukumbu la Torati 25:5-10, naye Yusufu akawa mwana wa Yakobo kwa damu na wa Eli kwa sheria. Msomaji anayejua desturi ya kurithi mjane, kama tero ya Wajaluo, haoni ugumu hapa. La pili linasema Luka ameandika nasaba ya Mariamu, na Eli ni mkwe wa Yusufu. Hilo lilienea zaidi tangu karne ya 15. Maandiko hayasemi wazi ni lipi. Yaeleze yote mawili kwa haki, wala usigombane na ndugu kwa ajili yake.

Kilicho wazi zaidi kiko kwenye kitenzi. Katika Mathayo kila baba anazaa, mstari kwa mstari, hadi Yakobo anapomzaa Yusufu. Hapo mwenye kitenzi anabadilika. Yusufu anaitwa mume wa Mariamu, na Mariamu ndiye anayemzaa Yesu. Luka naye anaweka neno la tahadhari, kwamba watu walimdhania Yesu kuwa mwana wa Yusufu. Yesu anaingia katika ukoo wa Daudi kwa mlango wa sheria: Yusufu anampokea na kumpa jina, na kumpa mtoto jina mbele ya watu ni kumkiri. Wanaokumbuka neno la Yeremia juu ya uzao wa Yekonia wameona uzito wa jambo hilo: haki ya kiti inapita kwa sheria, si kwa damu.

Makosa ya kuepuka

Usiitumie nasaba kujikweza. Katika Ethiopia, tangu Yekuno Amlak mwaka 1270, wafalme walijihesabu uzao wa Sulemani na malkia wa Sheba kupitia Menelik, na katiba ya mwaka 1955 iliandika hivyo. Mwaka 1974 Haile Selassie aliondolewa madarakani. Jirani yako Mhabeshi anaipenda habari hiyo, isikilize kwa heshima. Lakini katika Mathayo nasaba inamshusha mfalme hadi kwa mtoto wa fundi seremala.

Usiitumie nasaba kumbagua mtu. Hili naliandika kwa uchungu. Mwaka 1863 John Hanning Speke alichapisha dhana yake kwamba watawala wa Maziwa Makuu walitoka kaskazini, na wakoloni wakaikuza kwa jina la Hamu mwana wa Nuhu. Watu wa Rwanda waligawanywa, na katika miaka ya 1930 vitambulisho vikaandikwa kabila. Mwaka 1994 watu waliuawa na majirani zao kwa vitambulisho hivyo. Tena laana ya Mwanzo 9 ilitamkwa juu ya Kanaani, wala si juu ya Hamu. Msomaji mmoja makini angeweza kuona hilo kwa dakika tano.

Usikisie tarehe wala kutafuta wafalme wa leo katika unabii. Nasaba zinatazama nyuma ili kuthibitisha uaminifu wa Mungu.

Wala usidhani kila kitu katika Biblia hakina ushahidi nje yake. Mwaka 1993 huko Tel Dan, kaskazini mwa Israeli, lilipatikana jiwe la karne ya 9 kabla ya Kristo, lenye maandishi ya Kiaramu ambayo wasomi wengi wanayasoma kuwa yanataja nyumba ya Daudi. Aliyeliandika alikuwa adui.

Ratiba ya Ijumaa nne

Ijumaa ya kwanza: ahadi sita za hatua ya kwanza. Gaweni mistari, kila mmoja asome wake na kuueleza kwa maneno yake.

Ijumaa ya pili: orodha mbili. Leteni karatasi kubwa, mchore pamoja. Anayetoka zamu ya usiku asilazimishwe kusoma, apewe kalamu ya kuunganisha mistari.

Ijumaa ya tatu: akina mama watano. Waachieni akina dada waongoze.

Ijumaa ya nne: Yekonia, Zerubabeli na Yusufu. Malizeni kwa Warumi 1:3 na Ufunuo 22:16, ambako Yesu anajiita shina na mzao wa Daudi kwa pamoja.

Kabla hamjatawanyika someni Ezra 2:61-63. Baadhi ya makuhani waliorudi kutoka Babeli walitafuta majina yao katika orodha, hawakuyaona, wakaondolewa kazini. Kila aliyewahi kusimama dirishani akaambiwa jina lake halimo anajua maana yake. Nasaba ya Mathayo ina wanaowekwa ndani ambao orodha nyingine zingewaacha nje.

Ndugu msomaji, Ijumaa hii fungua ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya, usome majina yote kwa sauti, pole pole, mpaka la mwisho. Na ukimpigia simu mzee wako nyumbani, muulize jina la babu wa babu yake, uliandike daftarini kabla halijapotea.